Kifaa Hiki cha Kale cha Fundi Chuma Kilikuwa cha Kazi Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Zana za kale za wahunzi, mafundi bati, masonara na mafundi saa zina tabia moja: aliyezitumia alijua ni za nini, kwa hiyo hakuandika popote. Siku alipofariki, sanduku lake lilibaki na vyuma ambavyo hata wanawe hawakuweza kuvitaja majina. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu ninayoyatoa baada ya miaka mingi ya kugeuzageuza vyuma vya namna hiyo mkononi.

Nimepata kifaa cha chuma nisichokijua kabisa. Nianzie wapi?

Anzia palipochakaa. Wengi huanza na umbo, na umbo hudanganya. Kitu kinachofanana na shoka kinaweza kuwa fuawe (chuma kizito ambacho fundi hupigia kazi juu yake) ndogo ya kukunjia bati, na kitu kinachofanana na nyundo kinaweza kuwa hakikupiga chochote maisha yake yote.

Tafuta mahali patatu: pale kifaa kinaposhikwa au kubanwa, pale kinapopokea nguvu, na pale kinapogusa kazi, yaani kitu kinachotengenezwa. Kichwa kilichopigwa nyundo miaka nenda miaka rudi hutanuka, kingo zake zikajikunja chini kama uyoga na kupasuka nyufa ndogondogo. Ukiona uyoga huo, kifaa kilikuwa cha kupigwa. Ukiona uso laini unaong'aa kama kioo hata chini ya kutu nyepesi, huo ndio uliogusa chuma cha kazi. Mistari iliyokingamana ubavuni, pande mbili zinazotazamana, ni meno ya jiliwa, kile kibanio cha mezani: kifaa kilibanwa kikafanya kazi kikiwa kimesimama au kimelala, hakikushikwa mkononi.

Mkono nao huacha alama. Mpini hupata weusi wa jasho mahali fulani tu, na kidole gumba huchimba kishimo chake polepole. Fumba macho, kigeuze kifaa mkononi mpaka kikae chenyewe. Mara nyingi kidole hukipata kishimo hicho bila kukitafuta, na kuanzia hapo unajua ncha gani ilielekea kwa fundi na ipi ilielekea kwenye kazi.

Je, nikisafishe kwanza ili nikione vizuri?

Hapana, tafadhali. Uchafu ni nusu ya ushahidi. Ganda jembamba jeusi linalofanana na kioo kilichoyeyuka ni mabaki ya boraksi, na maana yake kifaa kilikuwa karibu na moto wa kuunga chuma. Matone laini ya kijivu ni lehemu ya fundi bati. Lami ngumu kwenye mianya huelekeza kwa fundi wa nakshi za kugonga, maana yeye hulaza bamba la fedha au shaba juu ya lami ndipo aligonge. Nta iliyoganda ndani ya tundu ni dalili ya kuvuta waya. Unga mwekundu kwenye pembe ni wa kung'arishia, nao hupatikana kwa masonara.

Nilipokuwa mgeni wa mambo haya nilipata kipande cha feleji (chuma kigumu cha kutengenezea zana) kilicho na tundu na kikombe kidogo upande mmoja. Nilikuwa nimeona nusu ya muhuri ubavuni, nikataka kuusoma wote. Nikachukua brashi ya waya ya mashine. Baada ya dakika mbili chuma kilikuwa kinang'aa, na muhuri haukuwepo tena, kwa kuwa kilichobaki cha herufi zile kilikuwa ndani ya kutu yenyewe. Hadi leo sijui kilitengenezwa na nani, na bado naumia.

Piga picha kwanza, pande zote. Kisha paka mafuta mepesi ya mashine, ukiache kwa siku nzima, ufute kwa kitambaa na mswaki laini. Muhuri uliofifia husomeka vizuri zaidi kwa tochi iliyolazwa pembeni gizani kuliko kwa msasa wowote.

Kina shina la mraba kwa chini. Hilo lina maana gani?

Shina la mraba ni la kuingizwa kwenye tundu ili kifaa kisizunguke. Swali ni tundu la nini, na hapo urefu wa shina ndio unaojibu.

Fuawe nyingi za wahunzi zina matundu mawili kwenye uso wake: moja la mraba, moja la duara. La duara ni la kutoboleshea, hasa matundu ya misumari ya kiatu cha farasi. La mraba hupokea zana za chini. Zana ya kukaa humo huwa na shina fupi, nene, lisilochongoka sana, na juu yake mabega mapana yanayolala juu ya uso wa fuawe. Likiwa na makali yaliyoelekea juu kama tindo iliyopinduliwa, ni la kukatia: chuma chekundu huwekwa juu yake kikapigwa. Likiwa na mgongo wa mviringo, ni la kubonyeza chuma kitanuke au kipate shingo. Likiwa na mfereji wa nusu duara, ni nusu ya chini ya kalibu ya kufulia vyuma vya mviringo, na mwenzake wa juu ana mpini.

Shina refu linalochongoka kama kabari ni jambo jingine. Hilo ni la fundi bati. Meza yake ilikuwa na bamba zito la chuma lenye matundu ya mraba yanayopungua kwenda chini, na shina la kabari lilijikaza humo kila lilipopigwa. Juu ya shina utakuta maumbo ya kustaajabisha: pembe ndefu nyembamba kama sindano ya kukunjia mabomba membamba, pembe nene kama tarumbeta ya kukunjia faneli, ubapa mrefu kama shoka wa kukunjia kona kali, au mikono miwili yenye mifereji ya kupitishia waya kwenye ukingo wa ndoo. Watu huziita fuawe za ajabu, na kwa kweli ni fuawe, kila moja kwa mkunjo wake.

Fuawe hazikuwa na kipimo kimoja cha tundu la mraba. Zana isiyoingia kwenye fuawe yako si lazima iwe ya kazi nyingine, pengine ilifuliwa kwa ajili ya fuawe iliyokwisha kupotea.

Kina mpini kama wa nyundo, lakini uso wake ni mpana mno au una mfereji. Ni nyundo gani?

Si nyundo. Mhunzi hakufanya kazi peke yake: yeye alishika kifaa hiki juu ya chuma cha moto, na msaidizi akakipiga kwa nyundo kubwa. Uso mpana wa mraba uliosawazishwa ulikuwa wa kufuta alama za nyundo. Uso mdogo wenye kingo kali ulikuwa wa kutengeneza bega. Mgongo wa mviringo ulikuwa wa kutanua.

Ushahidi uko upande wa pili: ndiko kuliko na uyoga. Tazama pia mpini. Wa nyundo halisi hukazwa kwa kabari kwa sababu nyundo hurushwa. Wa vifaa hivi mara nyingi uliachwa umelegea ili mshindo usipande mkononi, na vingine havikuwa na mpini wa mti kabisa, vilizungushiwa ufito wa chuma.

Nina bamba la chuma lenye matundu mengi. Ni la nini?

Swali hili ndilo linalokuja mara nyingi kuliko yote, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa kuwa kazi angalau sita tofauti hutumia bamba lenye matundu. Usihesabu matundu. Ingiza kijiti chenye ncha, uhisi kuta za tundu.

Kuta zikiwa laini na tundu likapungua kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na matundu yakipangwa kwa safu kuanzia makubwa hadi madogo kabisa, hilo ni bamba la kuvutia waya. Fundi alichonga ncha ya waya kwa tupa, akaipitisha upande mpana, akaikamata upande mwembamba kwa koleo na kuivuta. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata. Koleo lake nalo ni la kutambulika: mkono mmoja umepinda kama ndoana ili uweze kushikwa kwa mkanda au mnyororo. Katika mabamba ya zamani ya chuma utaona kitu kizuri sana ukitazama kwa kioo cha kukuzia: vishimo vya nyundo vimezunguka matundu. Tundu lilipolika na kupanuka, fundi aligonga ukingo wake chuma kikajisogeza ndani, kisha akalichongesha upya kwa kipimo kile kile. Bamba lenye vishimo hivyo liliwahi kutunzwa na mtu aliyelihitaji.

Kuta zikiwa na hesi, yaani mifereji inayozunguka kama ya skrubu, ni bamba la kukatia skrubu. Kwenye mabamba ya zamani hesi hazikuwa na nafasi ya kutolea mabaki ya chuma, kwa sababu bamba lilibinya zaidi kuliko lilivyokata. Mara nyingi matundu huja mawili mawili yanayokaribiana ukubwa, la kwanza la kuanzia na la pili la kumalizia.

Tundu moja au mawili tu, ya mraba, kwenye upau mnene uliovimba kidogo kuzunguka tundu? Huo ni upau wa kutengenezea vichwa vya misumari. Msumari ulioanza kuchongwa ulitumbukizwa humo ukingali mwekundu, kipande kilichobaki juu kikapondwa kuwa kichwa. Tundu hupanuka kuelekea chini ili msumari utoke bila kugoma.

Kama matundu yamegusa ukingo, yaani kila moja lina mlango wa kutokea nje, unashika kipimo cha waya au cha bati. Hapa kuna kosa la kila siku: watu hupima kwenye duara. Kipimo ni ule mlango mwembamba, na duara lipo ili kurahisisha kutengeneza mlango na kuutoa waya. Namba nazo huenda kinyumenyume, namba ikipanda waya hupungua. Katika kipimo kilichofanywa cha kisheria Uingereza mwaka 1884, namba 10 ni takriban milimita 3.25 na namba 20 ni takriban milimita 0.91. Vipimo vya kabla ya hapo havikuafikiana hata vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo pima milango na usiamini namba pekee.

Bapa lenye mpini na mipasuko michache ya upana tofauti ukingoni, lisilo na namba, ni la kupindia meno ya msumeno kushoto na kulia. Hilo hufanana na kipimo cha waya kiasi cha kuuzwa kwa jina hilo.

La mwisho ndilo linalonipendeza kuliko yote. Ni bamba dogo lenye vishimo visivyotoboka, limepigiliwa kwenye kipande cha ubao kilichopinda. Fundi alilivaa kifuani. Kitako cha keekee (kifaa cha kutobolea) ya upinde kilikaa kwenye kishimo, kifua kikasukuma, mikono ikabaki huru kuvuta upinde. Ukikuta karibu yake biti ndogo zilizonolewa sawasawa pande zote mbili, ndizo zake: upinde huzungusha biti mbele na nyuma, hivyo biti ilibidi ikwangue kokote inakoelekea.

Nina upau mrefu uliopinda ncha zote mbili, kama herufi Z. Ni wa nini?

Tazama ncha ndefu. Ikiwa imeishia na kirungu kidogo kilichosuguliwa mpaka kung'aa, na ncha ya pili ina makovu ya jiliwa, una moja ya zana za werevu mkubwa kuliko zote za mfua fedha.

Fikiria birika la fedha lenye shingo nyembamba. Fundi anataka tumbo lake livimbe mahali fulani, litoke maua au mbavu, lakini nyundo haiingii ndani. Basi hubana ncha moja ya upau kwenye jiliwa, na kulivisha birika kwenye ncha nyingine mpaka kirungu kiguse ukuta kwa ndani. Kisha hupiga nyundo kwenye upau wenyewe, karibu na jiliwa, mbali kabisa na birika. Upau hutetemeka, na mrudio wake ndio unaogonga fedha kutoka ndani. Mkono unapiga huku, kazi inafanyika kule. Fundi hushika birika kwa mkono wa pili na kuhisi kila pigo kwenye vidole, ndivyo anavyojua pa kusogeza.

Watu wengi hudhani ni ndoana ya moto au mkono wa mashine. Kinachoitofautisha ni ule mng'ao wa kirungu. Hakuna aliyeisugua ndoana ya moto hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiguse kwa msasa uso wowote wa zana ya mfua fedha, ikiwemo nyundo zake: kila mkwaruzo wa uso huo huchapwa kwenye fedha kila unapopiga.

Kigurudumu cha chuma chenye mpini, hakina meno. Ni cha jikoni?

La. Kama ukingo ni bapa na butu, ni kipimo cha mhunzi wa magurudumu ya mikokoteni. Mara nyingi kina alama moja ya tindo ukingoni, na kingine kina mshale wa kuzungusha.

Mhunzi aliweka alama ya chaki kwenye gurudumu la mti, akakitembeza kigurudumu juu ya ukingo wake akihesabu mizunguko mpaka alama irudi. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 120 na kigurudumu cha sentimita 20 hutoa mizunguko 6 kamili. Kisha alikitembeza kwenye upau wa chuma ulionyooka kwa hesabu ile ile. Hakuhitaji kujua sentimita wala inchi, wala hesabu ya duara.

Pete ya chuma ilitengenezwa fupi kidogo kuliko gurudumu. Ikipashwa moto hutanuka: pete ya mzingo wa mita 3.8 iliyopashwa nyuzi 500 huongezeka sentimita 2 na zaidi. Ikavishwa ikiwa ya moto, ikamwagiwa maji, ikajikaza na kubana viungo vyote vya gurudumu. Kigurudumu chenye meno makali ni cha fundi ngozi au cha mpishi, si cha huyu.

Kipande kidogo cha feleji, kina tundu refu na kikombe. Ni hicho kilichokutia majuto?

Ndicho. Ni cha kukazia ribiti. Fundi hutumbukiza mkia wa ribiti kwenye tundu refu, hupiga mara moja, na mabati mawili hushikamana bila nafasi. Kisha huuponda mkia kidogo kwa nyundo, na kuumalizia kwa kikombe, kichwa kikatoka mviringo. Kikiwa na mfereji mpana upande wa chini badala ya kikombe, ni ndugu yake: hicho hupigwa juu ya mabati mawili yaliyokunjwa na kushikana kama vidole, mkunjo ukalala na kujifunga.

Na makoleo yenye midomo ya ajabu?

Funga midomo, utazame nafasi iliyobaki kati yake, maana nafasi hiyo ndiyo umbo la kitu kilichoshikwa. Koleo la mhunzi huwa na mikono mirefu, na midomo ilifuliwa upya kila kazi ilipobadilika, kwa hiyo koleo moja laweza kuwa halina pacha duniani. Nafasi ya duara kamili iliyofungwa pande zote, yenye kitundu cha kumiminia juu, ni kalibu ya risasi za bunduki. Midomo mipana yenye makali yanayokutana ni ya kukatia kwato za farasi. Na ukikuta bapa kama sepetu ndogo lililokunjwa kingo, lenye mpini mrefu uliopinda na kitako cha kuegemezwa mwilini, nalo ni la mfunga viatu vya farasi: alisukuma kwa mwili na kukwangua ukwato.

Kuna maandishi na namba. Zinasema nini?

Zinasema mengi, lakini si yale unayodhani. Muhuri "CAST STEEL" hauna maana kwamba kifaa kilimiminwa kwenye kalibu. Unataja aina ya feleji, ile iliyoyeyushwa kwenye vyungu vidogo kwa njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740. Kifaa chenyewe kilifuliwa kwa nyundo.

"D.R.P." ni hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya Ujerumani, nayo haiwezi kuwa ya kabla ya 1877. "D.R.G.M." ni usajili wa Ujerumani ulioanza 1891. "S.G.D.G." ni ya Ufaransa, inafuata sheria ya hataza ya 1844. Namba ya hataza ya Marekani huhesabiwa kuanzia 1836, na "Rd" yenye namba ni usajili wa umbo Uingereza kuanzia 1884. Namba za namna hii ni hazina, kwa sababu ofisi za hataza zimehifadhi michoro, na mchoro hukuonyesha kifaa kikiwa kizima pamoja na maelezo ya kazi yake. Jina la nchi lililogongwa kwa Kiingereza mara nyingi hutokana na sheria ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa zinazoingia kule zitaje zilikotoka kuanzia 1891. Mshale mpana wa mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza.

Namba tatu ubavuni mwa fuawe ya Kiingereza ni uzito. Ya kwanza huzidishwa kwa ratili (pauni za uzito) 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Fuawe iliyoandikwa 1 1 20 ina ratili 160, kama kilo 72 na nusu. Nimeona watu wakizisoma kama tarehe na kujisifia fuawe ya mwaka 1120.

Nitajuaje umri wake kama hakuna muhuri?

Tazama chuma chenyewe. Kabla ya njia ya Henry Bessemer ya 1856 kushusha bei ya feleji, zana nyingi zilifuliwa kwa chuma laini chenye nyuzi za tomo (takataka za kuyeyushia chuma) ndani yake, na feleji ya ghali ikaungwa kwenye makali au uso peke yake. Palipoliwa na kutu utaona mistari kama ya ubao mkavu, na karibu na makali mshono hafifu mahali feleji ilipounganishwa. Jambo hilo halithibitishi mwaka, maana mafundi waliendelea hivyo muda mrefu baadaye, lakini linakuonyesha mkono uliofanya kazi.

Hesi husaidia zaidi. Kama kila skrubu inaingia kwenye tundu lake tu na haikubali la jirani, kuna uwezekano mkubwa zilikatwa moja moja. Hesi za pembe ya nyuzi 55 zinafuata pendekezo la Joseph Whitworth la 1841. Za nyuzi 60 zinafuata lile la William Sellers wa Marekani la 1864, au vipimo vya metriki vya baadaye.

Spana yangu imeandikwa 1/2 W lakini mdomo unakaribia inchi nzima. Imekosewa?

Haijakosewa. Spana za Whitworth ziliandikwa unene wa bolti, si upana wa nati. Mdomo wa 1/2 W una inchi 0.92, kama milimita 23.4.

Kina mistari ya tupa ubavuni, ila si tupa. Vipi?

Kilitengenezwa kutokana na tupa kuukuu. Tupa ni feleji nzuri na fundi hakuitupa ilipoisha meno. Aliigeuza kuwa kikwaruzio, tindo, kisu au kifaa cha kazi moja aliyokuwa nayo wiki ile. Kwa vifaa vya namna hii usitafute jina, kwa kuwa pengine hakikuwahi kupewa. Eleza kinachofanya.

Nina dhana yangu. Naweza kuijaribu bila kuharibu kitu?

Ndiyo, na ni raha yake. Bonyeza uso wa kifaa kwenye nta laini au udongo wa kuchezea watoto, utazame alama inayobaki. Mfereji utakutolea upau, kikombe kitakutolea kichwa cha ribiti, na chuma cha kugongea nakshi kitakutolea ua zima au gamba la samaki. Jaribu sumaku pia: isiponata, huenda ni shaba, na kichwa kizito cha shaba kwenye ufito wa chuma ni cha kulehemia, kilichopashwa kwenye makaa.

Usikimbilie kukipiga nyundo. Uyoga wa kichwani hurusha vipande kama risasi, na feleji ngumu kwa feleji ngumu hupasuka. Usipashe moto chochote chenye ganda la zinki, moshi wake unaugulisha. Vitu vyenye madini ya risasi vishike kwa glavu na kunawa baadaye. Na wanaotoa kutu kwa umeme na magadi wasitumie chuma kisichoshika kutu upande wa pili wa waya, maana maji hubaki na sumu ya kromiamu.

Nikitaka kuuliza wenye ujuzi, niwapelekee nini?

Picha za ncha zote mbili kwa karibu, si picha moja ya ubavu. Weka rula kando yake. Andika uzito, sema kama sumaku inanata, na taja vilivyokuwa sanduku moja nacho, kwa sababu jirani wa kifaa mara nyingi ndiye jibu: bamba la matundu lililolala pamoja na nta na koleo la ndoana halihitaji maelezo mengi. Kama kina sehemu inayosogea, piga picha ikiwa wazi na ikiwa imefungwa.

Tafuta pia michoro ya zamani. Ensaiklopidia ya Mfaransa Denis Diderot ina majuzuu 11 ya michoro, yaliyochapishwa kati ya 1762 na 1772, na humo karakana zimechorwa pamoja na zana zake, moja moja, zikiwa zimepangwa chini ya picha ya mafundi wakiwa kazini. Nimekaa na kurasa zile usiku mzima nikitafuta kipande kimoja cha chuma, nikakikuta mkononi mwa kijana aliyeinama kwenye kona ya mchoro, amekishika kinyume kabisa na nilivyokuwa nikikishika mimi.